Barua ya wazi: Turejesheeni matokeo ya vinasaba na uzito wa ng'ombe wetu

Dar es Salaam

Kwa Mkurugenzi, Wajumbe wa Bodi na watafiti wa taasisi iliyopima ng'ombe wetu wa asili

Waheshimiwa,

YAH: KUTOREJESHWA KWA MATOKEO YA VINASABA VINAVYOHUSISHWA NA UZITO WA NG'OMBE WA ASILI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa ng'ombe katika mnada wa Pugu na makazi yangu ni Gongo la Mboto. Ng'ombe ninaouza wengine nawanunua mikoani, wengine wanatoka nyumbani kwetu wilayani Kongwa, ambako wazee na ndugu zangu bado wanafuga Zebu wa Kigogo. Watu wenu walifika kijijini kwetu na katika vijiji vya jirani, wakapokelewa vizuri. Ng'ombe walivishwa hereni zenye namba, wakapandishwa kwenye mizani, wakazungushiwa utepe kifuani, wakatolewa damu na kung'olewa nywele za mkia. Tulielezwa, kwa Kiswahili ambacho kila mzee alikielewa, kwamba mnatafuta tofauti za vinasaba zinazomfanya ng'ombe mmoja awe mzito kuliko mwenzake wa zizi lile lile na malisho yale yale. Tukaahidiwa kwamba majibu yatarudi kwa wenye mifugo.

Majibu hayajarudi. Afisa wenu alituthibitishia kwamba kazi ya maabara imekwisha. Tangu hapo tumepiga simu, tumeleta barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na kwa kuwa mimi niko mjini nimefika ofisini kwenu kwa niaba ya wazee. Kila mara tumeombwa tuwe na subira. Jina la taasisi yenu silitaji hapa, kwa sababu ninachodai ni majibu, si kumfedhehesha mtu. Mnajijua, na wafugaji waliowafungulia mazizi wanawajua. Nimeamua kuyasema haya hadharani kwa kuwa hasara inayotokana na ukimya wenu haiishii kwenye zizi letu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Madume mnaowatafuta wanachinjwa wakati sisi tunasubiri.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo ninaloliona kwa macho yangu kila wiki. Pugu inapokea ng'ombe kutoka Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga, Simiyu na Mwanza. Mnunuzi wa Dar es Salaam anataka dume kijana, mpana wa mgongo, aliyejaa mapajani. Huyo ndiye anayegombaniwa na madalali akiwa bado hajashuka vizuri kwenye lori, na huyo ndiye anayewahi kufika machinjioni Vingunguti.

Sasa litazameni jambo hili kutoka upande wa zizi. Mfugaji ana madume wadogo watano. Mmoja amekua haraka, akiwa na miaka miwili na nusu tayari ana umbo la kuuzika. Ada ya shule ikifika, au mgonjwa akitakiwa hospitali, anayetoka ni yule mmoja. Wale waliodumaa hawana bei, kwa hiyo wanabaki, na anayebaki ndiye anayepanda majike. Msimu unaofuata ndama wote ni wa dume ambaye soko lilimkataa. Mwenye mifugo hakukusudia kuchagua dume dhaifu. Hakuwa na kitu chochote mkononi cha kumwambia kwamba huyu mzito ni mzito kwa sababu ya urithi na si kwa sababu mama yake alikuwa na maziwa mengi au alizaliwa mvua zilipokuwa nzuri.

Kitu hicho mnacho ninyi. Mnajua kuliko mimi kwamba ndama hupata nusu ya vinasaba vyake kwa dume na nusu kwa mama, na kwamba jike, hata akijitahidi, huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Dume mmoja katika mwaka huo huo anaweza kuzalisha ndama wa kijiji kizima. Dume mwenye urithi mzuri wa uzito akichinjwa kabla hajapanda, njia kubwa kuliko zote ya kuusambaza urithi huo imekatika. Mji huu unawala kwanza wale ambao ungewahitaji wabaki vijijini wazae, na haya yanatokea huku orodha ya hereni zao ikiwa kwenye kompyuta zenu.

Nimewahi kuona pale Pugu ng'ombe wakishushwa wakiwa na hereni za rangi na maandishi yale yale mliyotuvisha sisi. Sikuwa na namba ya kumpigia mtu yeyote kuuliza kama yule dume alikuwa na la maana kwenu. Aliuzwa kama wengine.

2. Hata uzito wenyewe hatujapewa.

Naweza kuelewa kwamba kusoma vinasaba kunachukua muda. Uzito hauhitaji maabara. Ulisomwa kwenye mizani mbele yetu, ukaandikwa kwenye fomu zenu pamoja na mzunguko wa kifua, umri na jina la mwenye zizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari letu lilikuja kwa gari lenu likaondoka kwa gari lenu.

Kwa mfugaji namba hizo zina thamani hata bila jeni. Zebu wetu mzima kwa kawaida yuko kati ya kilo 200 na 350, na kwenye mnada ambako bei nyingi bado zinapatanwa kwa macho, mwenye ng'ombe asiyejua kilo zake ndiye anayepunjwa. Mimi ni mfanyabiashara na nalisema hili nikijua kwamba linawagusa wenzangu. Zaidi ya hapo, mzee akijua kwamba ndama wa jike fulani huwa wazito mwaka hadi mwaka, ana mahali pa kuanzia kuchagua dume. Wilaya ya jirani yetu, Mpwapwa, ndiyo iliyompa jina lake ng'ombe wa Mpwapwa, aliyepatikana kwa kuchanganya Zebu wetu, Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, na damu kidogo ya Boran na Ayrshire. Kazi ile ilichukua miongo, na isingewezekana bila watu kuandika nani kazaa nani na ana kilo ngapi.

3. Tukinyimwa matokeo yetu, tutapimwa kwa orodha ya ng'ombe wa wengine.

Tunasikia mazungumzo ya kuchagua madume wa mbegu kwa kutumia alama za vinasaba, yaani sehemu ndogo za urithi zinazosomwa maabara. Sipingi. Swali langu ni alama za ng'ombe gani.

Nimejisomea kadiri ya uwezo wangu, na vijana wetu wenye elimu ya mifugo wamenisaidia palipokuwa pagumu. Ramani ya vinasaba vya ng'ombe iliyotolewa mwaka 2009 ilisomwa kutoka kwa jike wa Hereford wa Marekani aitwaye Dominette. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba tofauti zilizo katika eneo la jeni ya PLAG1, kwenye kromosomu ya 14, zinachangia ukubwa wa umbo la ng'ombe, na walizigundua kwa machotara wa Holstein na Jersey wa Nyuzilandi. Eneo jingine linalotajwa sana kuhusu ukubwa wa mwili, lenye jeni za NCAPG na LCORL kwenye kromosomu ya 6, nalo limechunguzwa zaidi kwa mbari, yaani aina za ng'ombe, za nje. Mwaka 2018 ukatoka uchambuzi wa ng'ombe 58,265 wa makundi 17 kuhusu kimo, jambo linalokwenda pamoja na uzito. Maeneo 163 ya vinasaba yalionekana kuhusika, na yote kwa jumla yakaeleza si zaidi ya asilimia 13.8 ya tofauti kati ya mnyama na mnyama.

Zebu wa Kongwa hakuwamo humo. Na hili si suala la fahari. Alama inayopimwa maabara mara nyingi siyo inayoleta uzito wenyewe. Imekaa karibu na kinachouleta, zikarithiwa pamoja. Ukaribu huo ukishapimwa kwa Holstein haimaanishi kwamba upo kwa ng'ombe wetu, ambaye nundu yake inatoka kwa mababu wa Bara Hindi na ambaye bado ana damu ya ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Hata kile kipimo kilichozoeleka chenye alama zipatazo 50,000 kiliandaliwa kwa kutegemea zaidi mbari za Ulaya, kwa hiyo tofauti nyingi zilizo za ng'ombe wetu peke yao hazionekani kwake. Namba pekee zinazoweza kujibu kama alama fulani ina maana kwa Zebu wa Kigogo ni zile za ng'ombe wa Kigogo waliopimwa uzito na vinasaba kwa pamoja. Ndizo mlizozikalia.

4. Uzito hauwezi kutazamwa peke yake.

Tunaomba matokeo kamili, yaani pamoja na yale yasiyopendeza. Kwa ng'ombe wa Brahman wa Australia, tofauti ile ile ya karibu na PLAG1 iliyohusishwa na uzito mkubwa ilihusishwa pia na kuchelewa kubalehe. Mfugaji wa Kongwa akiletewa mbegu ya namna hiyo bila kuambiwa, atapata mitamba wakubwa wanaochelewa kushika mimba, na hatajua kosa liko wapi. Mfano mwingine unajulikana dunia nzima: ng'ombe wa Belgian Blue, ambaye kasoro kwenye jeni ya myostatini, iliyobainishwa mwaka 1997, inamjaza misuli hadi majike wengi wa mbari hiyo huzalishwa kwa upasuaji. Kijijini kwetu hakuna daktari wa kumpasua ng'ombe usiku.

Tena uzito wa Zebu unapanda na kushuka na msimu. Aliyepimwa mwezi wa tano akiwa ameshiba na aliyepimwa mwezi wa kumi akitembea mchana kutwa kutafuta maji hawalinganishwi hivi hivi. Mlipima kila zizi mara ngapi, na miezi gani? Tuambieni, kwa sababu kuna ng'ombe ambaye sifa yake kubwa si kunenepa masika bali ni kutokukonda sana kiangazi, na huyo ndiye aliyezilisha familia zetu miaka ya ukame. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nayo haingoji. Mwaka 2022 watafiti wa Kenya na Uingereza walieleza tofauti kwenye jeni ya FAF1B inayohusishwa na kuvumilia ugonjwa huo, na waliipata kwa sababu kulikuwa na ukoo wa Boran uliojulikana wazi nani mtoto wa nani na nani alipona. Sisi tunauliza kama kati ya ng'ombe wetu wazito mlitazama pia ni wangapi waliofika mwaka uliofuata wakiwa hai.

5. Sampuli zetu ziko wapi?

Damu na nywele zilizobaki zimehifadhiwa nchini au zimesafirishwa? Nani ana ruhusa ya kuzitumia tena, na kwa kazi gani? Wazee waliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hawakuachiwa nakala.

Waheshimiwa, katika mazungumzo yetu nimesikia sababu kadhaa za kuchelewa, na napenda nizijibu kwa heshima.

Mmesema wafugaji hawataelewa. Mzee wa Kigogo anamtambua ndama kwa nyayo na anakutajia bibi na bibi wa bibi wa kila ng'ombe zizini. Urithi ni jambo analoliishi. Mwambieni kwamba kati ya ng'ombe wake hawa saba wana tofauti inayoambatana na uzito, hawa wengine hawana, na uhakika wetu ni kiasi hiki. Atauliza maswali ambayo pengine hamjawahi kuulizwa maabara.

Mmesema uzito unatawaliwa na vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo, na kwamba sehemu kubwa ni malisho, maji na magonjwa, kwa hiyo kutoa matokeo sasa kunaweza kuwapotosha watu. Hoja hii ni ya kweli na naiheshimu. Lakini inatudai maelezo mazuri, haituhalalishii ukimya. Andikeni wazi kwamba mnyama mwenye tofauti hii si lazima awe mzito na asiye nayo si lazima awe mwepesi. Hali ya kutokujua chochote ndiyo inayotupotosha leo, maana tunaendelea kumuuza dume bora na kumbakiza aliyedumaa.

Mmesema matokeo hayawezi kutolewa kabla ya kuchapishwa. Kama ni hivyo tupeni tarehe, na katika muda huo tupeni uzito, ambao hauzuii andiko lolote. Na mmesema fedha za mradi zimekwisha. Karatasi moja kwa kila kaya, ikipitia kwa afisa mifugo wa kata, haina gharama ya kuishinda taasisi iliyoweza kuleta magari na mizani hadi kwetu.

Kuhusu siri za wafugaji, hatuombi kuona ng'ombe wa jirani. Kila mtu apewe wa kwake.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo:

(a) Kila kaya iliyotoa ng'ombe ipewe taarifa kwa Kiswahili, yenye namba ya hereni, tarehe ya kupimwa, uzito, mzunguko wa kifua, na kilichoonekana au kutoonekana kwenye vinasaba vya mnyama huyo. Sehemu ya uzito itoke ndani ya siku 30, na sehemu ya vinasaba kabla ya kiangazi kijacho hakijaanza.

(b) Madume walio hai ambao matokeo yanawaonyesha kuwa na urithi mzuri watambuliwe mara moja, na wenye nao wapewe makubaliano ya kuwabakiza wapande kwa misimu angalau miwili, kwa fidia inayokaribia bei ya soko. Wale bora kabisa wachukuliwe mbegu katika kituo cha taifa cha uhimilishaji, yaani kupandikiza majike mbegu iliyohifadhiwa, pale Usa River, ili wasipotee hata wakiuzwa baadaye. Mimi na wenzangu wa Pugu tuko tayari kusaidia: tuachieni namba za hereni na simu ya mtu mmoja wa kupokea taarifa, dume wa namna hiyo akishuka kwenye lori tutamshikilia mpaka mjibu.

(c) Mbegu yoyote itakayotangazwa kwetu kuwa ni ya uzito iambatane na maelezo ya ng'ombe waliotumika kuthibitisha hilo, pamoja na habari za uzazi wa mabinti zake na uhai wa ndama wake.

(d) Tupewe nakala za fomu walizotia sahihi wazee, na maelezo ya mahali sampuli zilipo. Matumizi yoyote mapya yaombewe ridhaa upya.

(e) Mje kijijini. Mkutano mmoja, mchana, watafiti wenyewe waliosoma sampuli wakiwepo, si mwakilishi wa kuja kutuomba subira.

Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na wengi wao mno ni wa asili kama hawa. Mwezi Juni 2025 ilizinduliwa Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na wafugaji wanaombwa tena wakubali hereni masikioni mwa ng'ombe wao. Kwetu wapo wanaouliza hereni za kwanza zilileta nini. Ningependa niwe na jibu la kuwapa, na jibu hilo liko ofisini kwenu.

Nikijibiwa nitalichapisha jibu lenu lote, bila kupunguza neno, mahali hapa hapa nilipoichapisha barua hii. Ikiwa siku 30 zitapita bila taarifa ya uzito, wazee wameazimia kuwasilisha malalamiko haya kwa maandishi kwenye halmashauri yetu ya wilaya na kwa mbunge wetu, wakiwa na nakala ya ile barua yenye muhuri wenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa ng'ombe, mnada wa Pugu,
kwa niaba ya wafugaji wa kijijini kwetu, wilaya ya Kongwa

Nakala: Wafugaji wa vijiji vyote vilivyopimwa